Umande Uliokataa Kukauka

Kufikia saa tatu asubuhi jua la Malangali, Sumbawanga, lilikuwa limekausha umande kwenye boti nzima, isipokuwa sehemu moja ubavuni, pana kama sahani. Evodia aliiona akiwa na kikombe cha uji mkononi. Akakitua juu ya tofali.

Hapo ndipo alipoziba mwenyewe, juzi.

Ilikuwa boti kuukuu ya matanga, ya faiba, iliyopandishwa kwa lori la Fuso kutoka Kasanga, Ziwa Tanganyika, baada ya kugonga jiwe. Evodia alizoea kuziba bampa za mabasi na matangi ya maji. Boti ilikuwa ya kwanza, na hilo hakumwambia mtu.

"Mama Debora, kamba tayari!" dereva Wiliam alipaza sauti. "Saa nne niwe barabarani. Nina mzigo bandarini."

Wanaume sita walikuwa wameshaishika boti. Mzee Adriano, mwenye boti, aliizunguka akiisifia rangi. Debora, binti yake Evodia, muuguzi, alishakaa kwenye Fuso na begi la kliniki mapajani. Kuanzia Jumatatu angepanda boti hiyo kwenda vijiji vya ziwani visivyo na barabara.

Evodia akachukua kijiko cha uji, akagonga ubavu. Ko. Akasogea. Ko. Akafika penye unyevu.

Pu.

"Unaipigia ngoma?" Wiliam akacheka.

Evodia akagonga tena. Bampa ikipasuka unakwangua, unalaza faiba na gundi, unapaka puti na rangi, kesho basi liko Mbeya. Mvua inaligusa na kupita. Boti hii ilikuwa imelala majini miaka na miaka, nyuzi za faiba zimekunywa maji. Upepo wa Sumbawanga ulikausha ngozi ya juu tu, naye akaifunika upesi, kama mtu anayefunga kidonda chenye usaha.

Angeweza kunyamaza. Rangi ilipendeza. Lakini kiraka kingebandukia katikati ya ziwa, na Debora, aliyekulia hapa juu, hajui kuogelea.

"Iacheni," akasema. "Haiendi."

"Haiendi vipi?" Mzee Adriano akageuka.

"Nimekosea, mzee wangu. Nimefungia maji ndani."

"Rangi imekauka! Nimeigusa mwenyewe."

"Rangi ndiyo imekauka."

"Wiki nzima nalala kwa shemeji, baridi inanimaliza, leo ndiyo unaniambia? Pakieni!"

Wanaume wakainama. Evodia akachomeka grenda ya kukwangulia, akajipenyeza kati yao na boti.

"Anayeinyanyua, atainyanyua na mimi."

Grenda ikauma rangi mpya. Mzee akamshika kiwiko, amvute. Vumbi lilitoka jeupe, kavu, kisha ghafla likaanza kugandana kama unga uliomwagiwa maji. Evodia akazima, akachomoa waya, akachokonoa kwa bisibisi.

Tone likachungulia. Likafuatwa na jingine, kisha maji yakachuruzika hadi kwenye kandambili yake.

Mzee Adriano akaachia kiwiko. Akayagusa maji kwa kidole, akanusa.

"Wiliam," akasema, "nenda na safari yako."

"Mzee, mimi narudi huku Alhamisi!"

"Hata Alhamisi usije," Evodia akasema. "Wiki mbili tundu likae wazi, boti ikiwa chini ya turubai. Tutaiegemezea madumu ya maji moto, ikauke hadi ndani. Na mtu asiniletee jiko la mkaa hapa eti ni baridi. Gundi hii inashika moto."

"Mama," Debora akaita kutoka garini, "na kina mama wa Jumatatu? Wananisubiri."

"Wapigie. Waambie fundi kakosea, na fundi ni mama yako. Teremka."

Debora akateremka, kanuna. Akaja akaangalia tundu na maji yanayotiririka. Kununa kukamtoka usoni.

"Ningekaa upande huu?"

"Huo huo. Lete ndoo."

Evodia akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora mahali pa kukwangua upya, duara kubwa mara mbili ya kiraka cha kwanza.