Aliyeanguka Siku ya Ushindi

Dada yangu, mwendesha baiskeli wa kulipwa, alishinda mbio kubwa saa tisa alasiri. Saa kumi nilikuwa mbele ya mkuu wa habari za michezo wa kituo chetu cha runinga, nikimwomba sekunde ishirini tu kwenye taarifa ya jioni.

“Kuna aliyeanguka?” aliuliza. Alizoea kutangaza baiskeli pale tu zinapogongana.

“Hakuna, bosi.”

“Basi si habari, binti.”

Simu yangu ikalia. Mjomba ametuma video ya sebuleni: Mama anashangilia juu ya kochi, anateleza, puu! Nyuma yake, kwenye runinga, dada anavuka mstari mikono juu.

“Bosi, kaanguka Mama!”

Alicheka mpaka machozi, na kwenye taarifa ya jioni akairusha mara tatu.

Mama akapiga. “We mtoto! Nchi nzima imeniona na soksi moja!”

“Na dada je?”

“Wamemwona! Mara tatu!”