Saa Moja Bila Jenereta

Mwaka ule Agustina alipanda mahindi mara mbili, na mara mbili jua likayakausha yakiwa kimo cha goti. Kwa hiyo aliposikia redioni kwamba Jumamosi watu duniani kote watazima taa kwa saa moja, kukumbushana kupunguza moshi unaovuruga majira ya mvua, aliliona ni jambo lake kabisa. Akapita nyumba kwa nyumba pale Robanda akiwaomba majirani wazime.

Mama mkwe wake ndiye aliyemjibu bila kuzunguka. "Mimi nina balbu moja, mwanangu. Huko kazini kwako zinawaka mia, na jenereta inanguruma tangu jioni. Waanze wao."

 Kesho yake Agustina akaingia ofisini kwa Method, meneja wa kambi ya watalii ambako yeye alisimamia usafi wa mahema. Method alisema wageni hawakusafiri kote huko kuja kukaa gizani. Halafu, ili yaishe, akaongeza kuwa wageni wote tisa wakikubali, atazima. Mmoja akikataa, basi.

Agustina alivua aproni, akaanza na hema la kwanza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini aliwaonyesha picha ya shamba lake kwenye simu, wakaelewa. Kufikia mchana wanane walikuwa wamekubali. Wa tisa, mzee mmoja wa Nairobi aliyekuja peke yake, alikataa katakata. Usiku wa jana alimsikia fisi nyuma ya hema, na bila taa hakai.

"Nitakaa na wewe hapa kibarazani, mzee," Agustina alimwambia. "Saa nzima. Fisi akija, atanikuta mimi kwanza."

Mzee alimtazama, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Saa mbili na nusu usiku wa Jumamosi, jenereta ikanyamaza. Agustina, tochi mapajani, akageukia upande wa kijiji. Taa za Robanda zilikuwa zinawaka kama kawaida, na moyo ukamuuma. Mara taa moja ikazimika. Zikafuata nne, tano, kisha basi, nyingine hazikuguswa. Hata hivyo aliketi wima. Mzee alimuuliza habari za mahindi yake, naye akamsimulia yote, toka kupanda hadi kung'oa mabua makavu. Saa ilipokwisha, hakuna kati yao aliyeangalia muda.

Asubuhi wageni walimwambia Method kwamba hawajawahi kulala vizuri vile. Akaagiza jenereta iwe inazimwa kila siku baada ya chakula cha jioni, watu watumie taa ndogo za sola.

Agustina alimshukuru, kisha akaomba ruhusa ya nusu siku. Method alitaka kujua anakwenda wapi.

"Kambi ya jirani," alisema. "Jenereta yao naisikia mpaka shambani kwangu."

Akatoka kwenda kutafuta bodaboda.