Ngazi ya Kijani

Maji yalipofika kwenye kitasa cha mlango niliacha kuokoa vitu. Nilimpandisha binti yangu juu ya tangi la maji, kutoka hapo hadi kwenye paa, nami nikafuata na furushi la kamba za mapazia. Kazi yangu ni kushona mapazia na kuyafunga maofisini. Mtu akibabaika hushika alichozoea. Binti tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi.

Kati ya paa letu na la jirani kuna kichochoro. Siku hiyo kilikuwa mto, kimebeba viti, mitungi na banda zima la kuku. Nyumba ya jirani ni ya zege. Yetu ni ya matofali ya kuungaunga, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeshaanza kupasuka.

Jirani ni kinyozi. Alisimama juu ya zege lake, akalaza ngazi ya mbao yenye rangi ya kijani kutoka kwake mpaka kwetu.

"Mama Kasuku, mlete mtoto!"

Niliitazama ngazi kabla ya kumtazama yeye. Ngazi yangu ya kazi ilipotea uani mwaka jana. Kinyozi ndiye aliyenisaidia kuitafuta. Alizunguka nami mtaa mzima akiwalaani wezi mpaka mimi ndiye niliyeanza kumbembeleza. Hii ya kijani ilikuwa ndefu kuliko yangu. Lakini vidato vyake vilikuwa bapa, na vidato bapa ni mimi mwenyewe niliyemwagiza seremala aniwekee, kwa sababu nyayo zangu huuma nikisimama sana.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Dunia inazama, wewe unataka risiti?"

"Nauliza."

"Nimenunua. Mpya kabisa."

Kama ni yangu, huo urefu umetoka wapi? Lazima imeungwa, na rangi imefunika kiungo.

"Imeungwa wapi?"

"Haijaungwa! Utamuua mtoto kwa ubishi!"

"Mama, mimi mwepesi," Kasuku akasema. "Acha nipite."

Paa likatikisika. Msumari mmoja ukachomoka, ukabingirika hadi majini. Nikamshika Kasuku kiuno kwa mikono miwili, nikamwambia aweke mguu kwenye kidato cha kwanza.

"Haya, Kinyozi," nikasema kwa sauti. "Mimi nimekuamini. Anakuja."

Sikuwa na nia ya kumwachia mtoto. Hilo Kinyozi hakulijua.

Kasuku akainua mguu wa pili.

"Ngoja!" Kinyozi akapiga kelele. "Asipande! Ni yako. Nimeiunga katikati, kwa misumari tu. Haitambeba."

"Mwizi!" Kasuku akasema.

"Nyamaza. Tukishavuka utamtukana mpaka uchoke."

Kinyozi akaisukuma, nikaivuta. Nikakwangua rangi kwa kucha, kiungo kikajitokeza, kimekaa upande kama jino bovu. Nikakizungushia kamba za mapazia, nikakaza fundo juu ya fundo, nikakikanyaga kwa uzito wangu wote. Kikalia, hakikuachia. Tukairudisha.

Kasuku akavuka kwa tumbo, akipiga domo njia nzima. Kinyozi akampokea.

Nikabaki mimi. Ukuta wa nyuma ukaanguka, na paa likainama upande huo. Hapo ndipo nilipofikiria jambo ambalo nisingependa kulifikiria: mtaa mzima unamjua Kinyozi kuwa mtu mwema. Wa kusema vingine ni mimi, na maneno ya mtoto nani atayajali. Ncha ya ngazi ilikuwa mikononi mwake.

"Kasuku! Kaa karibu naye. Mwangalie mikono."

"Jamani, Mama Kasuku, hata sasa?"

"Hata sasa."

Kasuku akachuchumaa, pua yake karibu iguse vidole vya Kinyozi.

"Ameshika, mama. Kwa mikono miwili."

Nikalala kifudifudi nikaanza kutambaa. Maji sikuyatazama hata kidogo. Nilitazama vile vidole.