Kulabu ya Kifuani

Nilimkuta mdogo wangu Nassurdine huko Moroni, mji mkuu wa Komoro, mtaa wa Badjanani, katika chumba ambacho ukijinyoosha kitandani miguu inatoka mlangoni. Miaka minne sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimebeba kofia ishirini za kudarizi kama mtu anayekwenda kuuza, maana Februari ile ya 2008 ukitoka Mutsamudu kwenda Moroni bila sababu, unajitafutia maswali. Kisiwa chetu cha Anjouan kilikuwa kimegoma kuitii serikali, serikali nayo imetuwekea vikwazo, na petroli tulikuwa tunainunua kwa chupa ya maji.

"Umenenepa," nikamwambia. Alikuwa mifupa mitupu.

"Na wewe umerefuka, dada."

Tukacheka kidogo. Kisha nikauona mkono wake wa kulia. Ulikuwa unaning'inia tu, kama wa mtu mwingine.

Alikuwa amekwenda Lebanoni kusoma, kwa udhamini wa chuo cha Mashia. Mwaka wa kwanza alisoma kweli. Mwaka wa pili masomo yakawa kubeba maji na betri za redio kuwapelekea wanamgambo waliokaa karibu na mpaka. Vita vya 2006 vilipoanza, kipande cha chuma kikamwingia begani. Tangu siku hiyo mkono haukuwa na habari.

"Ulipiga risasi?"

"Nilipiga hodi tu, na betri zangu. Amri zilitoka nchi nyingine, bunduki zilitoka nchi nyingine. Maiti ndizo zilikuwa za pale pale kijijini." Alikuwa anamenya ndizi kwa mkono mmoja na meno. Hakuinua macho.

Alitaka jambo moja: arudi nyumbani akae, asishikishwe silaha na mtu yeyote. Moroni hapakukalika. Kila Jumatatu bwana mmoja wa serikali, mwenye suti, alikuja kumwomba awafundishe vijana wake "mambo ya Lebanoni", waje kuikomboa Anjouan.

"Nikamwambia mimi najua betri," Nassurdine akasema. "Akacheka. Akasema makamanda wa kweli ndivyo wanavyojificha."

Nikauza kofia kwa hasara, tukapanda boti la mizigo.

Sasa, nyumbani nako kulikuwa na shughuli yake. Kila siku gari la wakubwa wa kisiwa, lenye kipaza sauti, lilizunguka Mutsamudu likitangaza kwamba Moroni imeleta Mashia waje kutuchinja, na kwamba vijana wa vizuizi vya barabarani ndio watakaotulinda. Watu wakaanza kutazamana msikitini. Sisi tukisimama katika sala tunafunga mikono kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto. Mashia huiachia ubavuni. Basi mzee mzima anasali jicho moja liko kwenye mikono ya jirani. Mungu awasamehe.

Mimi kazi yangu sindano. Nikachukua kanzu ya mume wangu Sounhadj, nikashona kulabu ndogo kifuani, ile ya mgongoni mwa gauni la harusi, nikaificha ndani ya darizi. Kwenye mkono wa kanzu nikatia kitanzi. Wakati wa kupima, sindano ilimwingia Nassurdine kiganjani. Niligundua nilipoona damu kwenye kitambaa.

"Si ungesema!"

"Niseme nini? Sikuwepo."

Siku mbili usiku tulifanya mazoezi. Sounhadj, ambaye ni mpakizi bandarini na hajawahi kusalisha hata kuku, akawa imamu.

"Allahu akbar. Rukuu! Fungua!"

"Nimefungua."

"Simama! Funga! Si hivyo, shemeji, umejitundika kama koti."

Ijumaa wakaenda msikitini. Nilikaa nyumbani nikikata uzi usiohitaji kukatwa. Waliporudi, Sounhadj ndiye aliyenisimulia. Rakaa ya kwanza ilipita salama. Ya pili, kulabu ikaachia. Mkono ukashuka ubavuni, Nassurdine asijue, maana angejuaje? Akaendelea kusimama kwa unyenyekevu wote, mkono umeanguka, na Sounhadj pembeni yake akikohoa hadi koo likauma. Safu nzima ya nyuma iliona.

Asubuhi yake Mouridi akabisha hodi. Huyu ni mtoto wa jirani yangu Koultoumi, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana wa kizuizi chetu. Alikuja na wenzake wawili na bunduki mbili. Nilijua wamekuja kumpiga mdogo wangu. Nikawatengea chai, mtu akishikwa na hofu, mikono hufanya inachokijua.

Mouridi akavua kofia. "Mjomba Nassurdine, tumekujua, umepigana Lebanoni. Tufundishe."

"Niwafundishe nini?"

"Kuzamisha meli. Moroni watakuja kwa meli."

"Mouridi," nikasema, "nimekufunga nepi mimi. Juzi umeshindwa kuwasha jenereta ya mama yako, leo meli?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Jumatano tunapanda mlimani Patsy, kuna kambi. Asipokuja, mama, tutakuja kumchukua."

Walipoondoka Nassurdine alibaki anatazama vikombe. "Hata hawa," akasema. Basi.

Nilishona kofia siku mbili. Sikulia, sikujua hata kama nina hasira. Jumanne nikajifunga shiromani yangu, shuka la wanawake wa kwetu, nikaenda kwa Koultoumi, nikamvuta pembeni.

"Usimwambie mtu," nikamwambia, na kwa Koultoumi hilo ni sawa na kupanda mnarani. "Ni kweli. Nassurdine ni Mshia. Na Mouridi wako anataka kuwa mwanafunzi wake."

Akashika kifua. Kabla ya alasiri wazee wa msikiti walikuwa wamejaa sebuleni kwake, na Mouridi katikati. Nilikuwa nimepiga hesabu moja tu: watu wanaotangaza kwa kipaza sauti kwamba wanatulinda na Mashia hawawezi kuonekana wanafundishwa na Mshia. Wangeweza pia kumuua. Hilo nililijua nilipokuwa nafunga shiromani.

Jumatano Mouridi akaja peke yake. Alisimama nje, akakataa chai. "Mngetuambia mapema kwamba ni Mshia," akasema. Akaenda zake Patsy.

Mwishoni mwa Machi meli zikaja, na majeshi ya Umoja wa Afrika. Hakuna aliyezamisha chochote. Vijana walivua sare wakakimbia. Koultoumi akaichoma ya mwanawe pamoja na maganda ya mihogo. Askari mmoja Mtanzania akanunua kofia kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili kama hapa kuna amani. Nikamwambia ipo, chukua mbili.

Nassurdine yuko nyumbani. Hakuna anayemshikisha silaha. Hakuna anayemshika mkono pia. Alikuwa akiingia msikitini, waumini wanasogea, kulia mtu mmoja, kushoto mtu mmoja, safu inabaki na pengo. Wiki ya tatu akaacha kwenda.

Nilirudi kwa Koultoumi. "Nilikudanganya. Ni Sunni kama wewe. Mkono wake umekufa."

Akanishika bega kwa huruma. "Ningekuwa wewe, nami ningemficha. Ni mdogo wako."

Sasa anasali sebuleni, kati ya cherehani na kabati, na bado anavaa kanzu ile. Jana aliniita kabla ya kuanza, macho yake yakitazama mbele.

"Dada, imeshika?"

Niliangalia. Kulabu ilikuwa wazi, mkono uko chini.

"Imeshika," nikasema, nikarudi kwenye kofia zangu.