Bluu, Njano na Nyekundu ya Felismina

Kwaya ya wanawake ya kijiji cha Vale de Urze ilikuwa na waimbaji kumi na mmoja, na kwa wiki tatu nzima haikuwa imefikisha hata wimbo mmoja mwisho. Walikuwa wamealikwa kuimba katika mji wa Beja mwezi wa Mei, wakakubaliana washone nguo mpya. Kukubaliana kwao kukaishia hapo hapo.

Deolinda, mwenye sauti nene kuliko wote, alitaka bluu. Capitolina, mwanzishaji wa nyimbo, alishikilia njano iliyokoza.

"Njano?" Deolinda alisema kwenye mazoezi. "Tupande jukwaani kama vifaranga?"

"Afadhali kifaranga. Bluu yako hiyo ni ya sare za shule."

Fundi wao alikuwa Felismina, ambaye naye aliimba, mstari wa nyuma, pembeni. Hakuwa mtu wa ugomvi. Katika miaka yake sitini na mitatu alikuwa ameshonea wajane wengi nguo nyeusi na maharusi wengi mashuka meupe ya kuanzia nyumba, na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye hupenda rangi gani.

Jumatatu akapanda basi hadi mjini, akachukua bluu na njano. Alipokuwa akilipa, jicho lake likaangukia kitambaa chekundu, wekundu ule wa pilipili zilizosagwa za kupaka nyama. Hakuna aliyemtuma. Akakinunua.

Sketi ya kwanza aliikata mistari mitatu iliyolingana upana, ili asimwonee mtu. Akaivaa, akasimama mbele ya kioo. Mume wake, Aurélio, aliingia na mkate kwapani, akasimama.

"Mke wangu, sarakasi inafika lini?"

Felismina alitaka kukasirika. Lakini alipojitazama tena, kicheko kikamshika hadi akakaa kitini. Kweli, rangi zilikuwa zikipigiana kelele, kila moja ikitaka isikike yenyewe.

Akaketi kufumua. Safari hii sketi yote aliifanya bluu, ya marinda. Njano akaifanya shali ya mabegani. Nyekundu akaitia kwenye pindo tu, upana wa kidole gumba. Akavaa, akazunguka mara moja, na moyo wake ukatulia.

Kesho yake akawaita Deolinda na Capitolina saa ile ile, bila kumwambia mmoja kuhusu mwenzake. Walipokutana mlangoni hawakusalimiana.

"Naona bluu imekula sketi yote," Capitolina alisema hata kabla ya kukaa.

"Sketi iko chini, mwenzangu. Unapoanza wimbo watu wanakutazama wapi?" Felismina akamvika shali. "Usoni. Na chini tu ya uso wako kuna nini?"

Capitolina akaigusa shali, akaenda kwenye kioo, asirudi haraka.

Deolinda aliinua pindo. "Na hii nyekundu nani ameitaka?"

"Mimi," Felismina alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Deolinda akamtazama kana kwamba ndio kwanza anamwona. "Basi tutie na soksi nyekundu, shoga. Miguu yangu bado inafaa kuonyeshwa."

"Miguu hiyo?" Capitolina alisema kutoka kwenye kioo, na wote watatu wakaangua kicheko.

Beja waliimba nyimbo nne na wakaombwa ya tano. Walipoteremka, mama mmoja asiyemjua alimshika Felismina mkono akamwuliza ni nani aliyezipanga zile rangi. Akajibu ni yeye, bila kuinamisha kichwa.

Kufikia Juni, Deolinda alikuwa ameagiza mapazia ya bluu yenye ukingo wa njano, na Capitolina mito ya viti, yeye akitaka njano itawale. Felismina aliwashonea, na kila mara aliongeza nyekundu mahali alipoona panafaa, wala hakuomba ruhusa. Jumapili moja baada ya misa alimkuta Aurélio juu ya ngazi, brashi mkononi, akipaka fremu ya dirisha la chumba cha cherehani.

"Nyekundu kidogo tu," Aurélio alisema. "Au nimezidisha?"

Felismina akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. "Hapana," akasema. "Malizia na upande ule."