Kidari cha Bwana wa Reli

Kuku ana kidari, na kidari ndicho kilichomtesa bibi yangu Batuli. Paja halina neno, hata ukilisahau motoni linabaki na mafuta yake. Lakini kidari ukikipa mgongo kidogo tu, kimeshakuwa kamba ya katani.

Wakati huo Mjerumani alikuwa anatandika reli kuja Dodoma. Babu yangu Abbasi, mtu wa Kondoa, alimpikia msimamizi mmoja waliyemwita Bwana Reli, na Bibi alimsaidia kwenye kibanda nyuma ya hema. Bwana huyo hakula paja wala bawa. Alitaka kidari, kifike mezani kinatoa moshi, na akikikata kilowe maji. Mpishi aliyetangulia alimpa kikavu, akapelekwa kupasua kokoto. Sasa Abbasi naye alikuwa amerudishiwa sahani. Akaambiwa kikija hivi tena, amfuate mwenzake.

Na Abbasi alikuwa mgonjwa wa kifua. Akipuliza moto tu, anakohoa mpaka anashika nguzo. Vumbi la mawe lingemmaliza. Walijua wote wawili.

"Mimi siwezi kumpa mtu nyama yenye wekundu," alimwambia mkewe. "Mama alinifundisha nyama iive."

"Iive, Baba Mwanne. Sio ife mara ya pili."

Akaingia Loisi, jirani yao Mgogo, na kibuyu cha maziwa.

"Mbukwa. Mbona leo jiko limenuna?"

Bibi hata kwenye shida hakuacha vitendawili. "Kitendawili."

"Tega."

"Amevaa koti mbele, mgongoni yuko uchi."

"Mjerumani anayeoga."

"Kuku, wewe. Nyama zote kifuani, nyuma mifupa mitupu. Na hiyo ya kifuani ndiyo inayotaka kunichukulia mume."

Loisi alipoelezwa, alitikisa kibuyu chake. "Sisi tunalainisha fahali mzee, mtashindwa kuku? Kilowekeni kwenye maziwa mgando na chumvi ya Bahi tangu asubuhi. Kikaangeni kwa mafuta ya kondoo, mfunike, mkiipue kabla hamjaridhika. Kikitulia chini ya mfuniko, joto lake lenyewe litamaliza wekundu."

Wakafanya hivyo. Abbasi alirudi kutoka hemani na sahani tupu, ameishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Lakini Bwana Reli hakuwa na saa ya kurudi. Leo jua liko juu, kesho linazama. Kidari kikimngoja juu ya majivu kinakauka, kikimngoja chini kinapoa. Basi Bibi akawa anapanda juu ya kichuguu na kuangalia njia ya reli. Akiona vumbi la nyumbu wa Bwana anapaza sauti, Abbasi anaweka chungu motoni. Mpaka Bwana ashuke na kunawa, kidari kimeiva na kimetulia. Siku zikaenda hivyo, Abbasi akaanza hata kuimba jikoni.

Kisha ugonjwa wa kideri ukaingia vijijini, kuku wakafa mabanda kwa mabanda. Kambini akabaki tetea mmoja. Abbasi akamchinja, akaloweka kidari.

Jioni Bibi akaona vumbi.

"Weka!"

Mafuta yakalia. Loisi alikuwa anapita na kuni, akasimama, akaangalia kule Bibi alikoangalia.

"Umeshamwambia aweke?"

"Ameshaweka."

"Batuli, lile vumbi ni letu. Bwawa limekauka, mume wangu kawapitisha ng'ombe huku."

Punde pembe zikaonekana.

Wakaipua. Wakakifunika, wakakiviringisha na kitenge cha Bibi. Wakakaa wanakitazama kile kifurushi. Kuku mwingine hayupo. Loisi akasema, "Niende nikamharakishe?"

"Nani, Mjerumani?"

Hata kucheka wakashindwa.

Bwana Reli alifika jua linazama, na njaa yake. Nyama imepoa. Abbasi akaipasha kwa mvuke wa mchuzi, taratibu, akiomba Mungu kimoyomoyo, akaipeleka. Bibi akabaki nje ya hema anasikiliza. Kisu kilikwenda na kurudi, kikaenda na kurudi, kama mtu anakata kuni. Kikanyamaza. Bwana hakupiga kelele wala nini. Alisema neno moja kwa askari wake wa mlangoni.

"Mpishi, twende," askari akasema. "Usibishe, nami nimetumwa."

Abbasi alivua aproni, akaikunja vizuri, akampa mkewe. "Mwanne asilale na njaa," akasema.

Asubuhi askari yule akarudi na jogoo aliyetolewa mbali.

"Bwana anasema upike wewe."

"Mimi? Na nikikataa?"

"Mie nimeleta jogoo tu, dada." Akashusha sauti. "Ila na maji ya kunywa ya wale wanaopasua mawe, Bwana ndiye anayesema yapelekwe au yasipelekwe."

Askari akamchinja jogoo mwenyewe, akaenda zake.

Bibi alinisimulia kwamba alinyonyoa huku akisikiliza nyundo kutoka upande wa reli. Alitaka aijue iliyo ya mumewe. Zilikuwa nyingi, zote zinalia sawasawa. Akatenga kidari, akakipaka chumvi, akaenda kwa Loisi kuomba maziwa.