Koki Nyuma ya Betri

Kabula alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakizamisha tena na kukitoa taratibu. Oili ilikuwa na rangi ya asali. Aliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba kama anayesikiliza jambo la mbali. Haikuwa na chenga za chuma. Akahamia kwenye rejeta.

"Mgeni wetu angekuwa anachagua ng'ombe, saa hizi tungekuwa tunatafuna nyama," alisema Adinani, fundi mwenye karakana ile ya Ng'ambo, akiwa ameegemea gurudumu kubwa la nyuma.

"Ng'ombe hapakwi rangi mpya akaficha meno," Kabula alijibu bila kugeuka.

"Wasukuma nyie! Hata bibi harusi mtamfungua mdomo."

"Ukimleta kwa bei yako hii, tutamfungua."

Mzee Eustace, aliyeketi kivulini juu ya tairi kuukuu, alitabasamu kwa kuridhika. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Kabula, na dereva wa trekta aliyezeekea kazini kule Igunga. Ndiye aliyempandisha Kabula kwenye kiti angali binti ambaye mguu wake haujafika klachi, akamfundisha kuonja oili kwa vidole na kusikia ugonjwa wa injini kabla haijalala kitandani. Na ndiye aliyempigia simu juzi: mjini kuna trekta la zamani limefufuliwa. "Sijaliona," alisema, "lakini twende wote nikuazime macho."

Macho Kabula aliyahitaji. Ng'ombe alioachiwa na mumewe alikuwa amewauza wote mnadani, na zizi sasa lilibaki na samadi tu. Trekta likimlimia majaruba yake ya mpunga na ya majirani, wanawe wangekula na kusoma. Likimfia matopeni msimu wa kwanza, hakuwa na hata ndama wa kuanzia upya.

Adinani alikuwa ametaja milioni ishirini na sita. Mzee Eustace alimvuta Kabula kando, akamnong'oneza: "Mpe ishirini na mbili. Chini ya hapo utakuwa unadharau jasho la mtu." Kabula aliipokea bei ile kama mtu anavyopokea maji ya kunywa, kwa mikono miwili.

Adhana ya alasiri ilipolia, Adinani alinawa, akavaa kanzu. "Liwasheni, mlisikie linavyoimba," alisema, akaelekea msikitini.

Kabula alipanda, akawasha. Injini ilinguruma vizuri, kisha ikakohoa, ikapaliwa, ikazima. Kabla hajashuka, Mzee Eustace alikuwa ameshafika ubavuni mwa trekta. Alikuwa akizungumzia mvua za mwaka jana, uso wake ukitazama barabarani, huku mkono wake ukipita nyuma ya sanduku la betri na kuzungusha kitu.

"Washa sasa."

Trekta liliitika mara moja.

Kabula aliliacha liungurume. Alishuka, akachuchumaa. Nyuma ya betri palikuwa na koki ya kufungulia dizeli. Matrekta ya aina ile alikuwa ameyaendesha miaka mingi, na koki yake huning'inia chini ya tangi, mahali peupe. Hapa, chini ya tangi palikuwa na kovu la kuchomelea tu. Fundi alikuwa ameihamisha. Kabula mwenyewe alipita pale asubuhi na tochi, asiione.

Alipanda tena, akazima injini.

"Baba, koki umeijuaje?"

"Koki gani?" Mzee aliutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni. Akaketi. "Ni langu," alisema hatimaye. "Nililinunua Nzega likiwa gofu. Adinani nimemlipa ufundi tu. Kiinua mgongo changu chote kimo humo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua ni langu, usingeiamini bei yangu."

"Ningejua nazungumza na nani."

Huenda ishirini na mbili ilikuwa bei ya haki. Hapo ndipo palipomchoma. Hakuwa na njia ya kujua. Sikio lake, vidole vyake, hata ule utulivu wake wa kukagua, vyote alivipata kwa mzee huyu. Amekuja sokoni na mizani ya muuzaji. Mji huu umepitisha misafara ya pembe za ndovu, chumvi na vitambaa, na hakuna mpagazi aliyewahi kuulizwa mzigo una uzito gani.

"Basi chukua kwa kumi na nane," Mzee Eustace alisema. "Kumi na tano, mwanangu. Nisamehe."

"Ile ya kwanza ulinitajia wewe, na hii unanitajia wewe. Yangu iko wapi?"

Adinani alirejea, akazisoma nyuso zao, akavua kofia. "Nilimwambia, mzee, huyu ni mwanao, mwambie ukweli. Akasema biashara haina mtoto."

"Na wewe ukashinda unacheka nami tangu asubuhi."

Fundi aliinama, akaanza kukusanya spana zake.

Hasira moja ilimwambia Kabula aondoke. Nyingine, iliyo baridi zaidi, ilimwambia aishike ile kumi na tano, amwache mzee mtupu kama zizi lake. Alisimama baina ya hasira hizo mbili mpaka zote zikachoka kusema.

"Fundi, nipe karai. Nifungulie nati ya chini ya kumwagia oili, injini ingali moto."

"Nilidhani umemaliza kukagua."

"Sijaanza."

Oili ilitoka kwa kasi, kisha ikawa uzi mwembamba. "Iache itulie hadi asubuhi," Kabula alisema. "Kama ina chuma, kitakaa chini. Kesho nitafungua giaboksi, halafu haidroliki. Bei nitaitaja baada ya hapo."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati. Kabula alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akamsimamisha bodaboda wa kumpeleka Kitete, kwa wifi yake.

"Kesho nije?" Mzee Eustace aliuliza.

"Njoo ukipenda, mzee. Ila utasimama kule, upande wa muuzaji."

Aliinama, akalifunika karai kwa gunia lisiingie vumbi, akiacha upenyo mdogo chini ya injini, ambako oili ilikuwa bado inadondoka, tone baada ya tone.